Mchoraji wa Jumba na Mihirabu ya Jiweni

Hasira za Mwanamize binti Kificho hazikuanza siku ile alipoingia msikitini kwa mlango wa wanaume. Siku ile watu waliziona tu. Zenyewe zilikuwa zikiwaka ndani mwake tangu utotoni, kama moto wa tanu la chokaa: kwa nje huoni ila kamoshi kembamba, na mpaka utie mkono ndipo ujue.

Jiweni ni kijiji cha ardhi ya mawe, upande wa Micheweni, kisiwani Pemba. Jembe huko halizami. Watu hupanda mtama na muhogo kwenye vijishimo vya udongo katikati ya mawe, huvua, na huchoma matumbawe wakapata chokaa. Karafuu haioti hata mti mmoja. Mwenye haja nayo hufunga virago msimu ukifika, akaenda yeye na watu wake kuchuma katika mashamba ya wenyewe, kule kwenye vilima. Lakini zama hizo ukiingia msikiti wa Jiweni ukaelekea kibla, karafuu ndizo zilizokupokea. Matawi mawili yalipanda kulia na kushoto kwa mihirabu, jani kwa jani, na vikonyo vyenye vichwa vyekundu vya udongo wa ngeu juu ya chokaa nyeupe, mpaka yakakutana juu kabisa yakalibeba baina yao jina la Mwenyezi Mungu. Watu walitoka Konde na Tumbe wakaja kusali Ijumaa Jiweni kwa sababu ya ukuta ule. Wakitoka husema, "Huyu Kificho kajaaliwa mkono."

Kificho alikuwa fundi wa chokaa na rangi, na ndiye baba yake Mwanamize. Nyumbani kwake walilelewa watoto wawili: huyo binti yake, na Abrahman, yatima aliyeletwa kutoka Makoongwe akiwa bado anatambaa. Walikula sinia moja, wakaugua surua pamoja, na mmoja akichapwa mwenziwe hulia. Abrahman alipopata nguvu za kubeba ndoo, Kificho alimfundisha kazi. Mwanamize hakufundishwa. Yeye alikuwa akisaga ngeu, akichuja chokaa, akiosha brashi, na kwa kukaa hapo akitazama akajua yote.

Mwaka mmoja walikwenda kuchuma, na Mwanamize, ambaye hata ungo alikuwa hajavunja, akarudi na tawi la karafuu amelifunga ndani ya kanga ya marehemu mama yake. Alilichomeka katika ufa wa ukuta wa jikoni, na jioni kabla halijanyauka akalichora pembeni yake, kwanza kwa mkaa, kisha kwa ngeu iliyobaki kwenye kifuu. Hakulichora kama lilivyo. Alilipinda, akalifanya lipande kama mtu anayeinua mikono kuomba dua. Kificho alitoka uani kutawadha, akaliona, maji yakamwagika. Akaita, "Abrahman! Njoo utazame."

Haukupita muda, Kificho akawa amelichora tawi lile msikitini.

Siku watu walipoingia kuliona, Mwanamize alisimama nje ya dirisha na ndoo yake. Alimsikia mzee mmoja akiuliza, "Umelitoa wapi hili, Kificho?" Na alimsikia baba yake akijibu, "Mola kanijaalia."

Nyumbani alimuuliza. "Baba, mbona hukuwaambia kuwa ni langu?"

Kificho alicheka, akamshika kichwa. "Mwanangu, nyumba ya Mungu haitiwi jina la mtoto wa kike. Watu watasema. Na mie na weye si mmoja?"

Abrahman alikuwa pale pale mlangoni, anakwangua rangi kwenye kucha zake. Alisikia kila neno.

Baadaye waungwana wa Jumba la Mfalme la Unguja, waliokuwa wakizungukia mashamba yao ya karafuu, waliingia Jiweni kusali. Walimaliza sala na hawakutoka. Walitaka kumjua fundi. Kificho alikuwa na pumu, na bahari akiiogopa kuliko kaburi, basi akamsukuma mbele Abrahman: "Mchukueni huyu. Nilichonacho mie, naye anacho." Wakamchukua. Abrahman akavuka kwenda Unguja na brashi za Kificho ndani ya mkoba wa ukili alioushona Mwanamize, na hakurudi tena.

Mwanamize aliolewa, akazaa binti, Moza, akafiwa na mume. Kazi yake ikawa kuwachora bi harusi kwa hina na piko, na hakuna harusi kubwa upande ule iliyofanywa bila yeye. Habari za Abrahman zilimfikia kwa wapitanjia. Amekuwa fundi wa Jumba. Amepewa nyumba. Anavaa joho siku ya Idi. Kisha Valimohamed, mwenye duka la Micheweni, alikwenda Unguja, akaingia barazani Jumbani siku ya Idi pamoja na wafanyabiashara wenzake. Aliporudi alimwambia Mwanamize huku akimpimia mafuta ya taa:

"Bi Mwanamize, mimi nimeinua kichwa juu, naona dari ya Jumba yote ni karafuu! Kama ya msikiti wenu, lakini imetiwa dhahabu. Nikauliza, hii nakshi ya nani? Wakanambia, hii ndiyo Nakshi ya Abrahman. Unguja nzima wanaita hivyo."

"Nakshi ya nani?"

"Ya Abrahman."

Mwanamize aliyaacha mafuta juu ya meza ya duka, akaenda zake.

Hilo angelimeza. Asiloweza kumeza lilikuja Kificho alipolala kitandani bila tamaa ya kuinuka. Mzee hakumuita mwengine. Asubuhi Abrahman, jioni Abrahman. Salamu zilipelekwa kwa kila aliyepanda meli Wete. Abrahman hakuja. Lilikuja jora la bafta, jeupe, zuri, la sanda, pamoja na maneno kuwa kazi za Jumba hazimpi nafasi, na kuwa anamuombea baba dua. Kificho alikuwa bado yu hai jora lilipofika. Aliliona.

"Kaleta nini mwanangu?" aliuliza.

"Kaleta kitambaa, baba," alisema Mwanamize.

Kificho alizikwa kwa sanda iliyonunuliwa dukani kwa Valimohamed. Lile jora Mwanamize alilikata matambara ya kupangusia masufuria.

Ukaja mwaka wa elfu moja mia tisa na sitini, na siasa ilikuwa imeshaingia Pemba kama funza ndani ya kidole. Jiweni iligawika. Upande mmoja ulikuwa wa chama kilichosimama na Jumba, na mkubwa wao alikuwa Vuai, ambaye pia ndiye msimamizi wa msikiti. Upande wa pili ulikuwa wa wapinzani wao, na aliyewaongoza ni Duni, mchoma chokaa. Watu wakawa hawapeani salamu. Huyu hanunui kwa yule, yule hamziki mtoto wa huyu. Ndugu wa tumbo moja walichota maji visima mbalimbali. Msikitini waliingia wote, kwa kuwa msikiti ulikuwa mmoja, lakini upande wa Vuai ulikaa kulia na upande wa Duni kushoto, na baina yao ikabaki njia mtu angeweza kupitisha ng'ombe.

Basi Ijumaa moja Vuai alisimama baada ya sala akatangaza kuwa ujumbe mkubwa wa Jumba utazuru Pemba, na utasali Jiweni. Kwa heshima hiyo Jumba linamleta mchoraji wake mwenyewe aje aufanye upya ukuta wa kibla. "Naye si mgeni," alisema Vuai kwa kujivuna, "ni kijana wetu, Abrahman."

Abrahman alishuka kwenye lori na makopo ya rangi ya mafuta, kanzu ya doria, na kitambi kilichomtangulia. Alifikia kwa Vuai. Zilipita siku asionekane kwa Mwanamize, na Mwanamize akakaa kwenye mkeka wake anasuka ukili, na kila hatua iliyosikika njiani ilimfanya aukaze zaidi mpaka ukamkata kidole.

Alipokuja alikuja mchana, na mfuko wa sukari.

"Hodi hapa. Dada yangu, shikamoo."

"Marahaba. Sukari hiyo iweke huko huko nje, wala usiingie nayo."

Alikaa ukingoni mwa baraza kama aliyekuja kudaiwa. Akauliza hali, akamuulizia Moza, akamrehemu Kificho. Mwanamize alimwacha aseme mpaka maneno yakamwishia.

"Umekuja kufanya nini msikitini, Abrahman?"

"Ile chokaa imechakaa, Mwanamize. Inapukutika. Nitaikwangua yote, kisha nitarudisha lile lile tawi kwa rangi ya mafuta na dhahabu kidogo, kama la Jumbani. Litadumu. Hata weye utafurahi."

"Na chini utaandika nini?"

Abrahman alitazama vidole vya miguu yake.

"Nimekuuliza. Valimohamed kanambia huko Unguja kila ukuta wako una jina. Hapa utaandika nini?"

"Ndiyo ada ya Jumba. Kazi zote zinaandikwa. Kazi ya Abrahman, Mchoraji wa Jumba. Si mie niliyetaka."

"Si wewe uliyetaka!" Mwanamize alisimama, ukili ukamwagika chini. "Mzee yule kakulea huna mbele wala nyuma. Kakupa kazi, kakupa brashi zake. Alipokuwa anakata roho anakuita, ukamletea sanda kabla hajafa! Na leo unakuja kumkwangua ukutani, uandike jina lako juu yake? Fadhila za punda ni mateke, lakini hata punda akishapiga teke moja hutulia."

"Jumbani hakuna ruhusa unapotaka, dada. Hujui mambo ya kule. Mie kwao ni mtu wa shamba, Mpemba tu. Wakiniita saa yoyote nawe hupo, kesho yupo mwengine. Nimekaa kule kwa jina lile tu."

"Jina lipi?"

Abrahman aliinuka akaenda zake, na sukari akaiacha. Mwanamize aliimwaga njiani, na kuku wa jirani wakaja kuidonoa wakaiacha.

Kesho yake alikuja Duni na wenziwe wawili, nao kwa adabu kubwa, kofia mkononi.

"Bi Mwanamize, sie tuko nawe. Hawa wa Jumba wamezoea kutwaa vya wanyonge. Walitwaa ardhi, sasa wanatwaa mpaka kazi ya marehemu baba yetu Kificho. Tumepanga Jumapili tuwe na mkutano Micheweni, tunataka usimame useme mbele ya watu."

Mwanamize akauliza, "Baba yenu?"

"Kwa heshima, Bi."

"Duni, mwaka mzima huu unapita hapa mlangoni hunipi salamu kwa kuwa Moza kaolewa upande wa kina Vuai. Mjukuu wangu alipokufa hukuja kuzika, na kaburi la mtoto ni dogo, hata mtu mmoja hulichimba. Leo Kificho kawa baba yako? Nendeni. Hasira zangu n'nazo mwenyewe, sizikodishi kwa chama."

Walitoka wakinong'ona kuwa mwanamke huyu kachanganyikiwa.

Ilikuwa mchana wa siku ile ile, watu wameshasali Adhuhuri wametawanyika, Mwanamize aliposikia mlio. Nyumba yake haikuwa mbali na msikiti. Ulikuwa mlio wa chuma kikikwangua ukuta, kwaa, kwaa, kwaa, na kila mmoja ulipita katika meno yake. Alijitanda kanga, akatoka. Alipofika msikitini hakuzunguka kwenye dirisha alikosimama na ndoo yake alipokuwa mtoto. Alivua viatu akapita mlango wa wanaume.

Abrahman alikuwa juu ya jukwaa la miti. Tawi la kushoto lilikuwa limeshatoka kuanzia chini mpaka usawa wa kifua, na jamvini palitanda unga mweupe uliochanganyika na wekundu.

"Shuka," alisema Mwanamize.

"Mwanamize, huku ni ndani ya msikiti! Toka, watu watakuona."

"Waje waone. Shuka."

Akaingia ndani ya mihirabu yenyewe, mahali asimamapo imamu, akageuka akampa mgongo ukuta. Kupiga chuma tena kungekuwa ni kumpiga yeye. Abrahman alishuka. Alisema kwa sauti ya chini, upesi upesi, kama anayembembeleza mtoto:

"Unataka nini? Unataka niandike Kificho? Nitaandika. Vuai atachukia, lakini nitaandika pembeni, herufi ndogo. Haya, yamekwisha?"

Hapo ndipo Mwanamize alipojijua. Muda wote huo, kwa ajili ya baba yake na mbele ya watu, alikuwa akipigania jina la Kificho. Sasa amepewa, na kumbe silo alilolitaka.

"Kificho siye aliyelichora," alisema. "Nawe unajua."

Abrahman aligeuka kutazama mlangoni.

"Unajua, Abrahman. Baba alipokuita uje utazame ukuta wa jikoni, ulikuja. Ulinikuta na kifuu mkononi."

"Usiseme hivyo. Utamvunjia heshima maiti."

"Nimemhifadhia heshima yake miaka yote hii, mie yangu kanihifadhia nani? Nakshi kaitwaa baba, nikasema ni ya baba. Ukaitwaa wewe kwa baba, ukaipeleka kwa wafalme, ukala kwayo. Mie niliyeitoa kichwani mwangu nimekaa hapa nasaga hina."

Walikuwa wakisema kwa sauti, na hawakujua. Mwadhini alikuwa wa kwanza kuchungulia, kisha waliokuwa kwenye tanu la chokaa, kisha Vuai mwenyewe anahema, na Duni nyuma yake, na Shehe Mmanga, imamu, akitikisa kichwa. Wakati wa Alasiri ulikuwa umekaribia, na msikiti ukajaa. Wote walimkuta mwanamke amesimama kwenye mihirabu.

"Astaghafirullah!" alisema Vuai. "Mtoeni huyu!"

"Hakuna wa kunitoa," alisema Mwanamize. "Nikishasema nitatoka mwenyewe." Akawasimulia. Hakusema mengi. Aliwatajia tawi alilorudi nalo msimu ule, ukuta wa jikoni, ngeu kwenye kifuu, na maneno ya baba yake. Mwisho akanyoosha kidole. "Na huyu hapa alikuwepo. Muulizeni."

Watu wote wakageuka. Vuai akamuuliza, "Abrahman, maneno hayo ni kweli?"

Abrahman alimtazama Vuai, akatazama makopo yake ya rangi yaliyopangwa chini ya ukuta, kila kopo na muhuri wa Jumba. Alipangusa mikono kwenye kanzu ya doria ikaingia wekundu.

"Mie nilikuwa mtoto mdogo," alisema. "Sikumbuki."

Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyekuwa shahidi wake, na huyo hakumbuki. Mwanamize hakulia. Watu waliokuwepo walisema baadaye kuwa alicheka, kicheko kifupi, kama mtu aliyekanyaga mwiba aliokuwa anaujua upo.

Kisha maneno yakaanza. Mmoja upande wa kulia alisema mwanamke muongo huyu, anataka sifa. Mwengine upande wa kushoto akasema la, na kama ni kweli? Kama ni kweli basi miaka yote hii tumesujudu mbele ya mchoro wa mtoto wa kike asiyejua hata twahara! Sala zetu je? Upande wa kulia, ambao hawakuwa wamejibu salamu ya upande wa kushoto tangu uchaguzi uliopita, wakasema: hapo ndugu yetu kasema neno. Upande wa kushoto wakasema: tena kubwa. Ile njia ya katikati ikajaa watu. Vuai na Duni wakajikuta wamesimama bega kwa bega.

"Shehe," alisema Duni, "tutolee hukumu."

Shehe Mmanga alikuwa mtu msomi na muoga. Alijua vizuri kuwa ua lililochorwa na mtoto halibatilishi sala ya mtu, na neno hilo lilikuwa kwenye ulimi wake. Lakini alitazama kulia akamuona Vuai, akatazama kushoto akamuona Duni, na kwa mara ya kwanza katika miaka hiyo nyuso zile zilikuwa zinataka kitu kimoja.

"Sala zenu zimesihi, hazikubatilika," alisema. "Lakini fitina si jambo jema. Pakeni chokaa, tuondokane nayo."

"Na ipakwe," alisema Vuai.

"Chokaa ninayo mie tele," alisema Duni. "Sitaki malipo."

Hivyo ndivyo Jiweni ilivyopatana. Watu ambao hawakuweza kuchimba kaburi moja pamoja walibeba pamoja ndoo za chokaa kutoka tanuni kwa Duni hadi mlangoni mwa msikiti aliposimama Vuai, wakipokezana, wakitaniana. Aliyeshika brashi alikuwa Abrahman, maana ndiye fundi. Alipaka tawi lililobakia, akapaka mahali alipokuwa ameshakwangua, akapaka tena, mpaka wekundu ulipoacha kuchungulia. Jina la Mwenyezi Mungu alilizunguka kwa ncha ya brashi, likabaki peke yake juu, halikushikwa na kitu.

Mwanamize alisimama uani mwa msikiti mpaka mwisho. Walimwambia aende nyumbani, hakwenda.

Asubuhi Abrahman alipita kwake, mkoba begani, lori linamsubiri. Makopo yake ya rangi yalikuwa hayajafunguliwa.

"Nakumbuka, Mwanamize," alisema.

"Najua."

"Ningelisema pale, ningelirudi Unguja kufanya nini? Dari yote ile ni…"

"Ondoka barazani kwangu, Abrahman, kabla sijasahau kuwa tumekula sinia moja."

Akaondoka. Ujumbe wa Jumba ulikuja kama ulivyoahidiwa, ukasali Ijumaa, na mkubwa wao alisifu sana usafi na weupe wa msikiti. Alisema unatuliza moyo. Vuai alitembea na maneno hayo kama kidani. Mpaka wageni wakafika Wete, Jiweni ilikuwa imesharudi kugawika. Njia ya ng'ombe ikafunguka tena katikati ya msikiti.

Mwanamize hakupiga kelele tena. Alichofanya ni kufunga mkono wake. Haikupita miezi Vuai akawa anamuoza binti yake, na harusi ilikuwa ya watu kutoka Chake na Mkoani. Mkewe alikuja kwa Mwanamize na kanga mbili mpya na maneno matamu. Bi harusi amekataa mtu mwengine, alisema. Anamtaka Bi Mwanamize tu.

"Mwambie Vuai ampake chokaa," alisema Mwanamize.

Yule mama alidhani ni mzaha. Alicheka peke yake mpaka akaona aibu. Baada yake alikuja Vuai mwenyewe, akasimama mbali, akasema kama kuna neno lililomuudhi basi amsamehe, binti hana kosa.

"Kweli hana," alisema Mwanamize. "Kosa lako ulilifanya msikitini mbele ya watu. Ukitaka samahani, Ijumaa baada ya sala simama pale pale, waambie watu mlilofuta lilikuwa la nani. Ukitoka, mie niko na piko tayari kwenye kijaluba."

Vuai alikwenda zake. Ijumaa ilifika, alisali, alitoka. Binti yake alichorwa na Kijakazi wa Makangale, ambaye mkono wake ni mzito, na wanawake walisema michoro ilikuwa kama nyayo za bata. Wale wa upande wa Duni waliposikia walishangilia, wakampelekea Mwanamize samaki. Ilipofika harusi ya kwao, naye bi harusi ni mpwa wa Duni, walikwenda kwa furaha wakidhani ni mwenzao. Walijibiwa maneno yale yale, na wakaambiwa samaki wao watalipwa msimu wa pweza.

Alipoteza kazi nyingi kwa hivyo. Kuna miezi alikula muhogo mkavu. Moza alimsihi, "Mama, punguza. Umeshajulikana kuwa umekasirika, basi."

"Sitaki wajue nimekasirika. Nataka waseme kwa nini."

Mwaka wa sitini na tatu, katikati ya homa ya uchaguzi, Vuai alianguka shambani akafa. Upande wa Duni walikataa kuzika. Hata baadhi ya wa kwake walikuwa Wete kwenye mikutano, na maiti ililala ndani na watu wachache wameketi uani hawajui nani akate sanda, nani akoshe, nani achote maji. Mkewe Vuai alikuwa amekaa chini mlangoni, kichwa wazi.

Mwanamize aliingia na ndoo yake kichwani. Wanawake wakampisha njia. Alimfunika mama yule kichwa kwa kanga, akampa pole, akauliza sufuria kubwa zilipo, akaanza kuwagawia watu kazi kama vile nyumba ni yake.

Moza alimfuata jikoni, akamnong'oneza kwa furaha, "Alhamdulillahi, mama. Umemsamehe."

Mwanamize alikuwa ameinama anapuliza moto, moshi unamwingia machoni.

"Sikumsamehe," alisema. "Nimekuja kuzika. Shika hiyo ndoo, maji hayatoshi."